Kusisimua sehemu za ndani za ubongo bila upasuaji: mwongozo kamili wa kufanya jaribio kwa watu wazima wenye afya, kwa tulio Mwanza na kandokando ya ziwa

Watu wengi wanaoulizia hii kazi wanaanza na mashine, inauzwa bei gani, ina chaneli ngapi, inatoka nchi gani. Mashine ndo sehemu rahisi. Ugumu uko hapa: umemwekea mtu umeme kichwani, akafanya vizuri kwenye kipimo cha kumbukumbu, sasa utajuaje kama kweli umefika ndani kabisa ya ubongo, na sio kwamba alisikia kamchomo kwenye ngozi akachangamka, au alihisi leo ndo siku ya mashine ya kweli akajitahidi zaidi? Karibu kila hatua ya huu mwongozo inajibu hilo swali, au lile lingine kubwa kuliko hilo, kwamba mshiriki atarudi kwake Igoma au Kirumba akiwa salama kama alivyokuja.

Naandika kwa wanafunzi wa udaktari na sayansi, manesi wa utafiti, mafundi wa vifaa tiba na watafiti wachanga walio ndani ya taasisi yenye kamati ya maadili. Kama uko nyumbani na betri na nyaya, tafadhali usijaribu, hata kwa kichwa chako mwenyewe.

Kwanza elewa unachotaka kufikia

Sehemu za ndani tunazozungumzia ni kama hipokampasi inayohusika na kumbukumbu, straitamu inayohusika na mwendo na kujifunza ujuzi wa mikono, talamasi, na amigdala. Kwa miaka mingi njia ya kuzifikia ilikuwa kutoboa fuvu na kuingiza waya, kazi ambayo Alim Louis Benabid na wenzake wa Grenoble, Ufaransa waliifungulia njia mwaka 1987 kwa wagonjwa wanaotetemeka. Sumaku ya juu ya kichwa aliyoionyesha Anthony Barker kule Sheffield mwaka 1985 haihitaji kutoboa kitu, ila nguvu yake inashuka haraka kadiri unavyoenda ndani, inaishia zaidi kwenye gamba la ubongo sentimita chache kutoka juu. Na umeme wa kawaida unaopitishwa kwa elektrodi mbili, yaani vibandiko vya kupitishia umeme, ukitaka ufike ndani kwa nguvu ya maana itabidi upite sehemu za juu kwa nguvu kubwa zaidi, huwezi kuziruka.

Njia nitakayoikalia hapa ni ya mikondo miwili inayoingiliana, wengi wanaiita TI, kifupi cha Kiingereza temporal interference. Nir Grossman, Ed Boyden na wenzao waliionyesha kwa panya mwaka 2017. Unapitisha mkondo mmoja wa 2000 Hz na mwingine wa 2005 Hz, kila mmoja na jozi yake ya elektrodi. Seli za neva haziwezi kufuata kasi ya 2000 kwa sekunde, kwa hiyo kila mkondo peke yake unapita bila kuzisumbua sana, lakini pale mikondo inapokutana nguvu inapanda na kushuka mara 5 kwa sekunde, na hiyo seli inaweza kuifuata. Ukisimama Mwaloni mitumbwi miwili ikapita pamoja, injini zake zinazunguka karibu sawa lakini sio sawa kabisa, unasikia ule mvumo unaokuja na kuondoka, wuuu, wuuu, na hakuna injini hata moja inayotoa huo mvumo peke yake. Ndo hicho hicho.

Mwaka 2023 zikatoka kazi mbili za binadamu wenye afya, moja ya Ines Violante, Grossman na wenzao iliyolenga hipokampasi na kumbukumbu ya sura na majina, nyingine ya Maximilian Wessel, Friedhelm Hummel na wenzao iliyolenga straitamu na kujifunza mwendo wa vidole. Zote zilionyesha mabadiliko kwenye sehemu iliyolengwa kwa kutumia MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya ubongo, sio kwenye tabia peke yake. Zisome zote mbili kabla hujaandika hata sentensi moja ya protokali.

Hesabu moja lazima iwe kichwani muda wote. Pale mikondo inapokutana ikiwa inaelekea upande mmoja, ukubwa wa mpigo, yaani tofauti ya kilele na bonde, ni mara mbili ya uga ulio mdogo (uga ni nguvu ya umeme pale ndani, inapimwa kwa volti kwa mita, V/m). Kama uga wa kwanza ni 0.3 V/m na wa pili ni 0.1 V/m, mpigo ni 0.2 V/m. Ukiongeza ule mkubwa mpaka 0.6 mpigo pale unabaki 0.2 vile vile, umemwongezea mtu umeme bure. Na ndo maana pia unaweza kuhamisha shabaha bila kugusa elektrodi, unabadilisha tu uwiano wa mikondo, tuseme 1 kwa 3, na kilele cha mpigo kinasogea kuelekea jozi yenye mkondo mdogo. Uga wenyewe kwa binadamu ni mdogo, chini ya 1 V/m, haulazimishi seli kuwaka, unazisukuma kidogo tu kwenye muda wake. Usimwahidi mtu yeyote miujiza.

Vibali, na usianze kitu kabla

Hapa usikimbie. Protokali inaanzia kamati ya maadili ya taasisi yako, kwa walio hospitali ya Bugando na chuo chake cha CUHAS kuna kamati ya pamoja, halafu inaenda kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Kuna mgeni kutoka nje kwenye timu, unahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kifaa kinagusa mwili wa binadamu kwa majaribio, wasiliana na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mapema kabisa, kabla hata hujakiagiza, maana kifaa kukaa bandarini kinasubiri karatasi ni jambo la kuumiza. Sajili jaribio kabla ya mshiriki wa kwanza, PACTR, rejista ya majaribio ya Afrika iliyoko Afrika Kusini, inapokea majaribio ya bara letu lote, na andika humo kabisa kipimo chako kikuu ni kipi, kimoja, ili baadae usije ukachagua kilichokupendeza. Picha za MRI ni taarifa binafsi, sura ya mtu inaweza kuundwa upya kutoka kwenye skani ya kichwa, kwa hiyo zifute uso kwa programu kabla hazijatoka kwenye kompyuta ya mradi, na zikienda nje lazima kuwe na makubaliano ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu.

Kupata watu, na kuwaambia ukweli

Ukianza kuita watu mtaani waje wawekewe umeme kichwani, maneno yatazuka. Wapo watakaosema mumiani, wapo watakaosema mnanyonya akili. Usiwadharau, hofu ya watu kuhusu vichwa vyao ni ya haki kabisa. Anza na mwenyekiti wa mtaa, mwonyeshe kifaa, kiwe mezani kimezimwa akishike, aulize anachotaka. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili cha kusemwa, na kwa mzee ambaye Kisukuma ndo lugha yake awepo mtu wa kumweleza kwa Kisukuma, sio mtoto wake anayemkimbiza asaini.

Maelezo yaende hivi: "Mama, hii haikutibu kitu, wewe ni mzima na tunataka mtu mzima. Utasikia kama kutekenywa au kuwashwa kidogo pale tulipobandika. Siku moja mashine itafanya kazi yake, siku nyingine haitafanya, na mimi mwenyewe ninayekuhudumia sitajua ni ipi. Ukitaka kuacha, sema basi, tunazima, nauli yako iko pale pale." Akiuliza kama itamwongezea akili, jibu hapana, hatujui, ndo tunapima. Mpe siku nzima ya kufikiria. Nauli na chakula walipwe, muda wao ufidiwe, ila fidia isiwe kubwa kiasi kwamba mtu anaficha ugonjwa ili asiikose.

Kuchuja

Hapa ndo usalama unapoamuliwa kwa kiasi kikubwa, na maswali ya fomu za Ulaya hayatoshi kwa huku kwetu. Ya kawaida utayauliza: kifafa chake au cha ndugu wa damu, ameshawahi kupoteza fahamu, chuma kichwani, kifaa cha moyo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, ujauzito, dawa anazotumia. Uongeze na haya.

Degedege utotoni. Kanda ya ziwa malaria imetulea wote, na watu wengi hawahesabu degedege kama ugonjwa, ukiuliza "una kifafa?" atasema hapana kwa moyo safi kabisa. Uliza "uliwahi kuambiwa ulipata degedege ukiwa mdogo, ulilazwa, ulichukua muda gani kuamka?" na ikiwezekana mama yake aulizwe kwa simu. Kichocho nacho, kwa watu wa Ukerewe, Kome na mialoni yote, kwa nadra mayai yake yanafika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mwenye kichwa kinachouma mara kwa mara bila sababu apelekwe kwa daktari, asiingie kwenye jaribio.

Alafu tramadol, dawa ya maumivu. Vijana wengi wa boda na wabeba mizigo wanaitumia kwa uchovu na haimo kwenye orodha ya "dawa" vichwani mwao. Inashusha kizingiti cha kifafa. Uliza kwa jina, bila kuhukumu, na uliza mahali ambapo mwenzake hasikii. Gongo na pombe kali pia, hasa mtu aliyekuwa anakunywa kila siku halafu ameacha ghafla juzi, huyo ni hatari kuliko aliyekunywa bia moja Jumamosi. Mefloquine, dawa ya malaria, kama amewahi kupewa hivi karibuni, weka pembeni.

Na usingizi. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku kucha giza likiwepo, taa zinavuta dagaa, akija kwako saa 3 asubuhi ni mtu ambaye hajalala, kumbukumbu yake imechoka na ubongo uliokosa usingizi unashtuka kirahisi. Panga vikao vyao wakati wa mbalamwezi wanapopumzika. Hiki kitu kidogo kinaokoa data nyingi. Siku ya kikao pima joto la mwili, na kama kuna homa fanya kipimo cha haraka cha malaria, mwenye homa anatibiwa na kupangiwa siku nyingine.

Jaribu mashine kwenye beseni kabla ya kichwa

Hii hatua watu wanairuka kwa sababu wana cheti cha kiwandani. Msiiruke.

Kwanza funga rezista ya kilo-omu 1 kwenye kila chaneli, pitisha miliampia 2 (2 mA) kilele hadi bonde, osiloskopu, yaani kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, ikuonyeshe volti 2. Ikionyesha vingine unajua mapema. Kisha chukua beseni la plastiki, maji lita kadhaa, chumvi gramu 9 kwa kila lita, weka jozi mbili za elektrodi ukutani mwa beseni. Sogeza kichokonoo cha kupimia kutoka pembeni kwenda katikati. Karibu na jozi moja utaona wimbi la 2000 Hz karibu limenyooka juu na chini, katikati utaona linavimba na kunywea mara 5 kwa sekunde. Chora ramani yake, iwe kwenye faili la mradi.

Sasa kitu cha muhimu kuliko vyote kwenye beseni: zima chaneli moja, angalia masafa ya iliyobaki, pasiwe na chochote kwenye 5 Hz. Washa zote mbili, pima mkondo ndani ya waya wa kila chaneli peke yake. Ukikuta mkondo wa chaneli moja wenyewe unavimba na kunywea, chaneli hazijatenganishwa vizuri, mikondo inachanganyika ndani ya mashine au kwenye elektrodi, na hapo utakuwa unamsisimua mtu kwenye ngozi na gamba la juu huku unaandika ripoti kuhusu hipokampasi. Angalizo: waya wa athi wa osiloskopu unaweza wenyewe kuziunganisha chaneli mbili ukadhani mashine ni mbovu, tumia osiloskopu ya betri au kichokonoo cha kupima tofauti kati ya pointi mbili.

Kila kinachogusana na mshiriki kiwe cha betri. Umeme unapanda na kushuka, unakatika na kurudi kwa kishindo, hutaki laptopu iliyochomekwa ukutani iwe na njia yoyote ya kufika kichwani kwa mtu.

Ramani ya kichwa

Huwezi kubandika elektrodi kwa kukisia. Bora kila mshiriki awe na MRI yake, ya aina mbili za picha, T1 na T2, halafu SimNIBS, programu ya kompyuta ya bure, inakigawanya kichwa chake kuwa ngozi, fuvu, maji ya ubongo, na nyama ya kijivu na nyeupe. Thamani zake za kawaida za kupitisha umeme zinakuonyesha shida yote: maji ya ubongo 1.654 S/m (siemensi kwa mita, namba kubwa inapitisha zaidi), fuvu 0.010. Fuvu linazuia, maji yanatawanya, na unene wa fuvu unatofautiana kati ya mtu na mtu kiasi kwamba 2 mA ileile inampa huyu uga mmoja na yule mwingine kabisa.

Mashine ya MRI inagombaniwa na wagonjwa na wagonjwa ndo wenye haki ya kwanza, kwa hiyo panga na idara saa ambazo hazina foleni. Ukikosa kabisa unaweza kutumia kichwa cha wastani cha MNI, taasisi ya neva ya Montreal, Kanada, ila kumbuka kimetokana na vichwa 152 vilivyopigwa picha Montreal, na kwa maoni yangu jaribio la namna hiyo lisidai limelenga kitu kidogo kama hipokampasi, liseme tu limelenga eneo. Ongea na mtaalamu wa radiolojia pia kuhusu utaratibu wa kukuta uvimbe au kitu kingine kwa mtu aliyedhani ni mzima, ni nani atamwambia, lini, na atapelekwa wapi. Liandikwe kabla.

Siku ya kikao

Nywele. Nalisema hili kwa uchungu maana dada zetu wengi wanaachwa nje ya tafiti hizi kwa sababu tu kofia za elektrodi zilishonwa kwa kichwa kisicho cha kwao. Suluhisho lipo: mpigie simu mapema, mwambie pointi zako, asukwe mistari inayopita pembeni ya hizo pointi, na mradi ulipie msusi. Tumia elektrodi ndogo za kubandika moja moja badala ya kofia. Asipake mafuta kichwani siku hiyo, wigi na wivingi zitoke. Unaachanisha nywele kwa kitana cha mkia, unasafisha pointi kwa pamba yenye spiriti, unasugua taratibu kwa jeli ya kusafishia bila kuchubua, kisha jeli ya kupitishia umeme kiasi cha punje ya maharage. Ikizidi, inatambaa.

Na joto la Mwanza halikusaidii. Jasho ni maji ya chumvi, likiunganisha elektrodi mbili zilizo karibu mkondo unapita juu ya ngozi na hauingii ndani, na kipimo cha ukinzani kitakuonyesha namba nzuri kabisa, ndogo, ya kukufurahisha. Namba ikishuka ghafla katikati ya kikao usifurahi, simamisha ukaangalie. Feni iwepo, kikao kiwe asubuhi.

Pima kichwa kutoka mzizi wa pua mpaka kifundo cha kisogoni, na kutoka sikio hadi sikio, weka alama, piga picha ya alama bila uso. Panda taratibu, sekunde 30 kutoka sifuri, anza na chaneli moja, muulize anasikia nini, halafu nyingine, halafu zote. Kwa umeme wa kawaida usiobadilika, tathmini ya mwaka 2016 haikukuta madhara makubwa mpaka 4 mA na dakika 40 kwenye vikao zaidi ya 33,200, lakini huo ni umeme wa aina nyingine, usiutumie kama ruhusa. Kaa kwenye 2 mA au chini yake kwa kila jozi, na ushuke taratibu vile vile.

Chumbani awepo mtu wa pili anayejua huduma ya kifafa, oksijeni na diazepam viwe karibu, na namba ya idara ya dharura iwe ukutani. Mshiriki akianza kutetemeka: zima, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, angalia saa. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kumshikilia kwa nguvu.

Kumficha mshiriki na kujificha wewe

Uzuri wa TI ni kwamba siku ya uongo inaweza kufanana na ya kweli: unapitisha 2000 na 2000. Ngozi inapata umeme uleule, muwasho uleule, mpigo tu ndo haupo. Nakushauri uongeze na siku ya tatu, mpigo upo lakini uwiano umebadilishwa ukalenga mahali pengine, hapo ndo unaweza kusema matokeo ni ya sehemu ile na sio ya mpigo popote pale. Mpangilio wa siku ufanywe kwa bahati nasibu na mtu asiyeingia chumbani, afunge kwenye mafaili A, B na C. Kati ya kikao na kikao iache wiki. Mwisho wa kila kikao muulize mshiriki anadhani leo ilikuwa ipi, na ujiulize wewe pia, muandike wote wawili.

Kipimo chenyewe kitengeneze upya. Kazi ya sura na majina ukiibeba na sura za Ulaya na majina kama Heather na Gareth, utakuwa unapima ugeni wa majina. Piga picha za watu wazima wa mikoa mingine, kwa ridhaa yao, wape majina ya uongo ambayo watu wa huku wanayajua, Kabula, Masanja, Nyanzala, Mugisha, Akinyi, na hakikisha seti tatu zina ugumu sawa kwa kuzijaribu kwanza kwa watu ambao hawatawekewa umeme kabisa.

Wanaofikiria mawimbi ya sauti

Ultrasaundi iliyokusanywa, yaani mawimbi ya sauti yanayoelekezwa pointi moja, nayo inafika ndani, na kwa ukali wa shabaha inaishinda TI. Inatumia masafa ya chini kuliko ya kupigia picha, mamia ya kilohezi, ili ipenye fuvu. Viwango vya FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, vya ultrasaundi ya uchunguzi, 720 mW kwa sentimita ya mraba na kielezo cha mitambo (kipimo cha hatari ya mtikisiko kwenye tishu) 1.9, watafiti wengi wanavitumia kama ukuta wa kuanzia, ila fuvu linapinda na kupasha joto, lazima uigize kwenye kompyuta kwa kila mtu. Mtego wake ni sikio: mapigo yanasikika kama mlio mwembamba na ubongo unajibu mlio. Heddifoni zenye sauti ya kufunika zivaliwe siku zote, ya kweli na ya uongo.

Baada ya kuzima

Akae angalau nusu saa, anywe chai, mkague ngozi kila pointi. Jaza fomu ya madhara siku zote hata za uongo, maumivu ya kichwa, usingizi, kuwashwa, na uulize kwa kutaja moja moja maana ukiuliza "uko sawa?" kila mtu hapa atakujibu niko sawa. Asiendeshe bodaboda kurudi, mlipie usafiri. Mpigie kesho yake na baada ya wiki. Tukio baya linaripotiwa kwa kamati ndani ya muda uliowekwa kwenye kibali chako, hata kama unaamini halihusiani.

Faili A, B na C lifunguliwe tu uchambuzi ukishaandikwa na kufungwa. Ukikuta hakuna tofauti kati ya siku ya kweli na ya uongo, chapisha hivyo hivyo, ambatanisha ramani za beseni, ukinzani wa kila kikao na idadi ya waliokisia sahihi, na urudi kwa mwenyekiti wa mtaa na washiriki uwaeleze mlichopata kwa Kiswahili kilekile mlichowaitia.